Baki Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Lusungu alichuma chai. Shamba la baba yake lilikuwa dogo, nyuma ya migomba, mahali ambapo ukungu wa Rungwe hukaa mpaka jua lipande. Alichuma majani mawili na chipukizi lake, akayatupa kwenye kapu mgongoni, akaendelea mstari kwa mstari mpaka vidole vikafa ganzi kwa umande. Kisha alinawa, akavaa sweta la shule, akapeleka kapu kwenye banda la kupimia lililo kando ya barabara ya Kyimo. Majani yalibaki pale yakisubiri lori la kiwanda.

Mwaka ule lori lilikuja lilipotaka. Ilikuwa imetangazwa kwamba biashara sasa ni huria na kwamba kiwanda kinatafutiwa mtu wa kukinunua. Mnunuzi hakuwa amepatikana, na kwa muda huo hakuna aliyejali kutengeneza magari. Majani ya chai yasiyochukuliwa siku ileile huchemka yenyewe kwenye gunia, hugeuka rangi, na hayafai tena. Majirani kadhaa walikuwa wameshang'oa chai yao wakapanda mahindi. Anyosisye, baba yake Lusungu, hakung'oa. Hakueleza sababu, na nyumbani hakuna aliyemuuliza.

Lusungu alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na alikuwa wa kwanza darasani katika hisabati. Jambo hilo halikumpa matumaini makubwa. Shule za sekondari zilikuwa chache, na mwaka uliotangulia hakuchaguliwa hata mwanafunzi mmoja kutoka shuleni kwao. Wasichana waliomaliza mbele yake aliwaona kila siku. Walikuwa mashambani, wengine wakiwa tayari na watoto mgongoni.

Kwa hiyo siku Mchungaji Amoni alipokuja, darasa zima lilikaa wima kumsikiliza. Mchungaji Amoni alikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo, asiyependa maneno mengi.

"Tuna nafasi moja kwa shule hii," alisema. "Atakayeipata atasomeshwa mpaka kidato cha nne. Sitaangalia jina wala ukoo. Nitaangalia jibu la swali moja."

Akageukia ubao, akaandika mbili, akaizidisha kwa mbili, akaendelea mpaka zilipotimia mbili ishirini na tatu. Mwishoni akatoa moja. Namba iliyopatikana ilikuwa 8,388,607.

"Je, hii ni namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Kama si tasa, nipeni kigawo chake kimoja na mwonyeshe kazi. Nitarudi Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi."

Kisha alimtazama Mwalimu Prosper, aliyesimama mlangoni. Mwalimu Prosper alikuwa ametoka Kilimanjaro, amefundisha hisabati pale kwa miaka kadhaa. "Mwalimu, hutamsaidia yeyote?"

"Sitamsaidia yeyote," alijibu Mwalimu Prosper. "Hata kwa neno moja."

Walipotoka nje, Jotham alikuwa tayari anacheka. Jotham alikaa dawati moja na Lusungu. Hakuwa mwepesi wa hesabu. Alipokosea alifuta kwa mate, na madaftari yake yalikuwa na matundu.

"Mimi naanza na mbili, halafu tatu, halafu tano," alisema. "Nitakwenda hivyohivyo mpaka ikubali."

"Utazeeka," alisema Lusungu. "Namba ya mamilioni, unaigawa kwa kila kitu? Utamaliza ukiwa na mvi."

"Basi wewe mwenye akili utaanzia wapi?"

Lusungu hakujua.

Jioni ile bibi yake alirudi kutoka Kisondela, miguu imejaa tope jekundu. Kulikuwa na familia ya huko iliyomposa Tulia, shangazi mdogo wa Lusungu. Bibi, kama desturi ilivyo, alikuwa amekwenda kuwachunguza kabla ya kutoa jibu. Mama alimletea maji ya moto ya kunawa miguu.

"Ndaga, mwanangu," bibi alishukuru.

"Umewaonaje hao watu?" mama aliuliza.

"Nyumbani kwao sikuingia kabisa."

"Sasa umechunguza nini, mama?"

"Nimekwenda kwa majirani. Nikaingia kwa huyu wa juu, nikaingia kwa yule wa chini. Wenyewe nikiwauliza wataniambia mwanao atakaa kama malkia. Majirani ndio wamenieleza nani anapiga mke, nani mchoyo wa chakula, na nani anakohoa tangu mwaka juzi. Ulizeni huko, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyoolewa mimi."

Lusungu alikuwa anamenya ndizi. Alisimamisha kisu. Namba ya Mchungaji ilikuwa ngumu, haisemi kitu. Lakini nayo ilikuwa na majirani wawili, mmoja juu yake na mmoja chini yake.

Jirani wa juu, 8,388,608, alikuwa mbili tupu zilizozidishwa, kwa hiyo hakuwa na habari. Jirani wa chini alikuwa 8,388,606. Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, Lusungu alikaa nyuma ya darasa na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Aligawanya kwa mbili, akapata 4,194,303. Akaitazama. Ilikuwa 2,048 mara 2,048, kasoro moja tu. Akakumbuka kitu ambacho Mwalimu Prosper aliwahi kuwaonyesha kwa namba ndogo: ishirini mara ishirini ni mia nne, na kumi na tisa mara ishirini na moja ni mia tatu tisini na tisa, yaani pungufu kwa moja. Basi hii nayo ilikuwa 2,047 mara 2,049.

Zilikuwa namba ndogo sasa, za kushikika. Kufikia Jumatatu alikuwa amezivunja zote mbili. 2,047 ilikuwa 23 mara 89. 2,049 ilikuwa 3 mara 683. Jirani alikuwa amefunguka mpaka ndani kabisa: mbili, tatu, ishirini na tatu, themanini na tisa, na mia sita themanini na tatu.

Wenzake walimzunguka. Hakuna mwingine darasani ambaye angeweza kufanya kazi ile, na walilijua hilo. Mwalimu Prosper alipita nyuma yao, akasimama, akasoma ile karatasi kutoka juu mpaka chini. Lusungu aliinua uso akitegemea sifa. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga, akaenda zake ofisini.

"Amenuna kwa sababu hakufikiri hivyo yeye," alisema Lusungu.

Sasa ilibaki kuvipeleka vile vigawo kwenye namba yenyewe. Alianza na tatu. Ikagawanyika vizuri mpaka mwisho, kisha ikabaki moja. Akajaribu ishirini na tatu. Ikabaki moja. Akajaribu themanini na tisa, hesabu ndefu, akaikagua mara mbili. Ikabaki moja.

"Nimekaribia," alimwambia Jotham. "Unaona? Kila mara ni moja tu inayozuia."

Jotham alikuwa amefika kumi na moja, akarudi nyuma kwa sababu alikuwa amekosea saba. "Mimi kwa kumi na moja inabaki saba. Wewe umenishinda."

"Ndiyo. Yako iko mbali, yangu iko karibu."

Alijaribu 683. Ikabaki moja. Akafikiri labda vigawo vinataka kuunganishwa, akazidisha tatu kwa ishirini na tatu, akajaribu sitini na tisa. Ikabaki moja. Darasa likapata habari, na kufikia Jumatano alikuwa na jina jipya.

"Baki Moja anakuja!" walipiga kelele uwanjani. "Baki Moja, shikamoo! Ugali umebaki?"

"Umebaki mmoja!" wengine waliitikia.

Hakuwajali. Aliamini amebakiza hatua moja tu, na mtu aliyebakiza hatua moja hageuki nyuma. Alijaribu tatu mara themanini na tisa. Alijaribu 2,047 nzima.

Alhamisi lori halikuja, ikiwa siku ya nne mfululizo. Alasiri baba alirudi kutoka bandani na magunia mawili yaliyochemka, akayamwaga kwenye migomba yawe mbolea, akakaa kwenye kiti bila kuvua buti. Hakuna aliyezungumza naye. Lusungu alikaa barazani na bibi kuchambua maharage kwa ajili ya usiku. Kwa mazoea, vidole vyake vikaanza kuyapanga matatumatatu juu ya ungo. Mafungu manne, maharage kumi na mawili, hakuna lililobaki. Akaongeza harage moja.

Lilikaa peke yake.

Akalitazama. Akayakusanya yote, akapanga manne manne, mafungu matatu. Akaongeza moja. Likakaa peke yake. Akayapanga mawilimawili, kisha sitasita, na kila mara lile la kumi na tatu lilibaki nje. Hakuhitaji kuendelea. Kama jirani amejaa mafungu kamili bila kubakiza kitu, namba inayomfuata itakuwa na mafungu yaleyale na kimoja cha ziada, na kimoja hakitoshi kufanya fungu. Haikuwa bahati mbaya, wala haikuwa karibu. Kila kigawo cha jirani, bila kuacha hata kimoja, kilikuwa kigawo ambacho namba ya Mchungaji haingeweza kuwa nacho. Kwa zaidi ya wiki alikuwa amekusanya, kwa bidii na kwa usahihi, majibu yasiyowezekana.

"Mbona umeacha kuchambua?" bibi aliuliza.

"Bibi, ulivyouliza majirani kule Kisondela, kuna waliokwambia vitu ambavyo ile nyumba haina?"

"Wapo. Walisema hawana deni na hawana ugomvi."

"Na ukajua walichonacho?"

Bibi alifikiri. "Hicho waliniambia wengine."

Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha nyumbani. Lusungu alilala akipanga kuanza upya alfajiri, kwa tano, kwa saba, moja baada ya nyingine kama Jotham. Lakini alfajiri honi ilisikika barabarani. Lori lilikuwa limekuja, na dereva alitangaza kwamba hatangoji. Baba, mama, Tulia na Lusungu walikimbia na makapu, wakachuma, wakabeba, wakapanda, wakashuka. Lori lilichukua gunia moja na nusu, dereva akasema limejaa. Lusungu alifika shule amechelewa, sweta limelowa mpaka kwenye mabega.

Alipata muda wa mapumziko tu. Mbili na tatu aliziacha, kwa kuwa alijua haziwezi. Tano ilibakiza mbili. Saba ilibakiza tatu. Kumi na moja ilibakiza saba, kama Jotham alivyosema. Aligawanya haraka kuliko alivyowahi kugawanya maishani. Kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa. Ishirini na tatu aliiruka. Ishirini na tisa. Alikuwa amemaliza thelathini na moja gari la Mchungaji lilipoingia uwanjani.

Mwalimu Prosper alipiga kengele. Wanafunzi waliandika majibu. Lusungu aliona wengi wakiandika maneno mawili tu, "Ni tasa," bila kazi yoyote, wakitumaini. Alijua kwamba angeweza kuandika hivyohivyo, na kwamba kama namba ni tasa kweli, yeye mwenye kazi ya kuonyesha ndiye angepata nafasi. Alishika kalamu kwa muda. Kisha akaandika kwamba vigawo vyote vya jirani wa chini vinabakiza moja na, kwa mfano wa maharage, kwa nini lazima iwe hivyo, kwamba amejaribu namba tasa zote mpaka thelathini na moja bila kupata, na kwamba hajui kama kuna kigawo zaidi ya hapo.

Mchungaji Amoni alisoma karatasi zote akiwa amesimama. Ilimchukua muda mfupi.

"Walioandika kwamba ni tasa wamekosa," alisema. "Na hawakujaribu. Jotham ni nani?"

Jotham alisimama. Karatasi yake ilikuwa na matundu kama kawaida.

"Arobaini na saba," alisema Mchungaji. "Umeipataje?"

"Nilikuwa naendelea tu, Mchungaji. Arobaini na moja nilikosea nikarudia. Arobaini na tatu ikakataa. Halafu hii ikakubali."

Darasa lilicheka, na Mchungaji naye alitabasamu kidogo. Kisha akainua karatasi nyingine. "Lusungu."

Lusungu alisimama.

"Hii ndiyo kazi bora kuliko zote nilizosoma leo, na umeandika ukweli," alisema. "Lakini nilisema nitaangalia jibu, na jibu halimo. Nafasi ni moja. Ningekuwa nazo mbili ningekupa ya pili. Sina."

Akamrudishia karatasi, akamwita Jotham ofisini.

Jioni darasa lilipokuwa tupu, Mwalimu Prosper alimkuta Lusungu bado yuko kwenye dawati. Hakumpa pole. Alimpa chaki.

"Gawanya," alisema. "Kwa arobaini na saba."

Lusungu alisimama mbele ya ubao, akagawanya. Themanini na tatu, mara moja, baki thelathini na sita. Akashusha nane. Akaendelea tarakimu baada ya tarakimu mpaka ikabaki nne. Akashusha saba ya mwisho, ikawa arobaini na saba. Mara moja. Chini yake akaandika sifuri. Juu ilisomeka 178,481.

Aliitazama ile sifuri kwa muda.

"Mwalimu, siku ile uliposimama nyuma yangu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mstari wa kwanza."

"Neno moja tu ungesema."

"Ningesema, ungepata wewe na Jotham angekosa, na angekosa kwa sababu ya neno langu, si kwa sababu ya kazi yake. Niliahidi mbele yenu wote." Mwalimu alikaa kwenye dawati la mbele. "Haikuwa rahisi kwangu. Lakini hilo halikuwa hoja."

Lusungu aliigeuza chaki mkononi.

"Sikiliza sasa, maana sasa naruhusiwa," alisema mwalimu. "Namba za namna hii, mbili zikizidishwa mara nyingi kisha ukatoa moja, zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Ufaransa aliyezichunguza zamani. Wakubwa wenye shahada nao hutamani kupitia kwa jirani, kwa sababu jirani wa chini huvunjika kirahisi, kama ulivyoona. Lakini namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo chochote zaidi ya moja. Umelithibitisha mwenyewe kwa maharage, nimesoma karatasi yako. Jirani anakuambia nini cha kuacha. Kwako wewe alikupunguzia majaribio matatu: mbili, tatu, na ishirini na tatu. Mpaka arobaini na saba kuna namba tasa kumi na tano. Zilikuwa zimebaki kumi na mbili, na kwa kasi yako hiyo ni kazi ya alasiri moja."

"Alasiri moja," alirudia Lusungu.

"Kuna msaada wa kweli, lakini uko kwingine. Toa moja kwenye arobaini na saba. Unapata nini?"

"Arobaini na sita."

"Ambayo ni?"

"Ishirini na tatu mara mbili."

"Na mbili za Mchungaji zilikuwa ishirini na tatu. Kila kigawo tasa cha namba yake, ukikipunguzia moja, kinagawanyika kwa ishirini na tatu. Kwa hiyo jirani wa kuulizwa ni yule wa kigawo, siye yule wa namba. Uthibitisho wake utausoma mbele..." Akakatisha. Mbele wapi, hakumalizia.

Nje ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena.

"Nitapata nafasi nyingine?" Lusungu aliuliza.

"Mtihani wa taifa uko mbele yetu. Utafanya vizuri. Mwaka jana walikuwepo waliofanya vizuri na hawakuitwa. Sitakuambia itakuwa tofauti, kwa sababu sijui."

"Basi kujua haya yote kunanisaidia nini?"

"Kwa nafasi ya Mchungaji, hakuna kitu. Imekwenda." Mwalimu Prosper alisimama, akafuta vumbi la chaki kwenye suruali. "Lakini unajua kosa lako ni lipi? Si kumuuliza jirani. Wazo lilikuwa zuri, na mtu mwenye akili lazima angelijaribu. Kosa ni kwamba tatu ilipobakiza moja ulijibiwa, nawe hukutaka kusikia. Ukaiita karibu. Ishirini na tatu ikakujibu hivyohivyo, ukaiita karibu zaidi. Katika kugawanya hakuna karibu, Lusungu. Anayebakiza moja na anayebakiza arobaini wamekosa sawasawa. Njia inapokukataa, uliza palepale kwa nini inakataa, kabla hujaipa wiki yako nzima. Na kazi ndefu isiyo na ujanja, usiidharau kwa sababu anayeifanya ana daftari lenye matundu. Jotham hakukushinda akili. Alianza mwanzo na hakuruka."

Alichukua begi lake. Mlangoni aligeuka.

"Hiyo 178,481 nayo, inagawanyika?"

"Kuna mtu anayetaka kujua?"

"Hakuna," alisema mwalimu.

Hatua zake zilipotea barazani. Lusungu alibaki mbele ya ubao. Kisha akaandika 178,481 upande wa kushoto, na kwa kuwa hakutaka kuruka tena, akaanza na mbili.